Oganiki: ongeza hela kwenye nyanya na chainizi, kisamvu nunua gengeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua nimeandika ndefu, ukiona inazidi punguza unapotaka ila kipande cha nyanya naomba kibaki. Siku hizi hapa Dar kila duka lenye kiyoyozi limetenga kona ya oganiki, yaani mazao ya kilimo hai yasiyotumia dawa wala mbolea za viwandani, mchicha oganiki, karoti oganiki, ndizi oganiki, wiki hii nimekuta hadi nazi imebandikwa kastika ka kijani eti oganiki, nazi jamani, nani amewahi kumuona mtu kapanda mnazi na bomba la dawa mgongoni? Na bei sasa. Mchicha ambao kwa mama wa genge fungu ni jero, pale ni elfu mbili na fungu lenyewe limekonda. Wenye nazo wananunua bila kuuliza, wasio nazo wanarudi nyumbani roho juu wakiamini wanawalisha watoto sumu kila siku, na wengine wanaishia kupunguza mboga kabisa wanaongeza ugali. Hao ndio wamenifanya nishike simu niandike.

Mimi nimekaa duka la pembejeo Morogoro miaka mingi kabla sijahamia huku Tabata. Wateja wangu walikuwa wakulima wa mboga wa Mgeta na Mlali, hizo hizo mboga mnazokula Dar. Kwahiyo naongea kama mtu aliyesimama nyuma ya kaunta, najua chupa ipi ilikuwa inaisha kila wiki na ipi ilikuwa inakaa mpaka inashika vumbi. Na msimamo wangu ni kwamba kuna vitu vichache ambavyo ukivipata vya kilimo hai cha kweli ongeza hela ununue, hata ikiwa ni mara mbili ya bei, vilivyobaki unamtajirisha mwenye duka tu. Mimi naangalia zao linapigwa dawa mara ngapi, ya mwisho ilipigwa lini, na ganda lake nalila au nalitupa, basi.

Nyanya sasa, maana ndiyo ipo kwenye kila sufuria. Nyanya ina maadui pande zote, mvua zikizidi unakuja ugonjwa wa ukungu wa bakajani, jua likiwaka wanakuja utitiri na inzi weupe, na tangu 2014 tunaye yule mdudu ambaye wakulima wamembatiza Kantangaze, kitaalamu Tuta absoluta, kwao ni Amerika Kusini, akavuka Ulaya akashuka Afrika mpaka akatufikia. Ubaya wa Kantangaze kiwavi wake anachimba anaingia ndani ya jani na ndani ya tunda lenyewe, sasa dawa ya kugusa unapiga inabaki juu, yeye yuko ndani anakula zake. Mkulima akiona hafi anarudi dukani anachukua nyingine, anazichanganya mbili hata tatu kwenye bomba moja la mgongoni, kipimo ni kizibo cha soda, na anapiga kila baada ya siku nne tano. Simlaumu. Amekopa mbegu amekopa mbolea, akikosa mavuno ya msimu mmoja hana pa kutokea, na bwana shamba hajaonekana kijijini tangu uchaguzi.

Lakini kwa mlaji balaa lipo kwenye siku za mwisho. Kila chupa ya dawa lebo yake imeandikwa muda wa kusubiri, nyingine siku 3, nyingine 7, nyingine 14, yaani ukishapiga usivune mpaka hizo siku ziishe ili dawa ipungue. Sasa dalali anapiga simu jioni, oya gari linapanda kesho alfajiri nataka matenga ishirini. Na nyanya haivunwi siku moja ikaisha, inaiva kidogo kidogo, mkulima anavuna upande huu na kupiga dawa upande ule kwa wiki kadhaa mfululizo, hizo siku 7 atazitoa wapi? Nilikuwa na wateja wanakuja kununua ile ya unga ya ukungu, mankozebu, siku moja kabla ya gari, na shambani ukungu hamna, wanaamini tu nyanya ikipakwa inahimili safari haiozi. Ule unga mweupe au wa njano unaouona umeganda pale kwenye kikonyo, ukisugua na kidole unatoka kama chaki, ndiyo huo. Na kuna wateja sokoni wanazichagua hizo hizo kwasababu "zinakaa". Mankozebu yenyewe Umoja wa Ulaya walikataa kuiongezea kibali mwishoni mwa 2020, huku kwetu nilikuwa nauza kilo kwa kilo na ilikuwa halali kabisa.

Kwahiyo nyanya ya kachumbari, ile unakatakata mbichi na kuwapa wanao na pilau, kama unampata mkulima wa kilimo hai anayeeleweka mpe hela yake bila kulalamika. Ya mchuzi unaweza kununua ya kawaida halafu ukaimenya, chovya kwenye maji ya moto dakika moja ganda linavuka lenyewe, dawa nyingi za kugusa zimekaa hapo kwenye ganda na unaitupa nalo. Hoho ni ndugu yake nyanya, mambo yale yale, ila hoho nani anamenya.

Kundi la pili ni majani laini ya mashamba ya biashara, chainizi na sukuma wiki hasa. Hizi zina kale kakiwavi ka kijani kadogo, ukikagusa kanajirusha kananing'inia kwa uzi, kameshazoea dawa nyingi sana duniani mpaka wataalamu wenyewe wamenyoosha mikono. Na chainizi inachumwa jani kwa jani, leo ya chini kesho ya katikati, jani lote unalila hakuna ganda. Hapo natoa hela. Kabichi inapigwa vile vile lakini imejifunga, ukitoa majani mawili matatu ya nje huko ndani kuna nafuu kubwa, mimi nanunua ya kawaida. Ongeza stroberi zile mbichi za kwenye vikopo, na zabibu, maana zabibu hata hizi zetu za Dodoma zinapigwa sana salfa na dawa nyingine za ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, na unazila na ngozi yake. Maepo ya kutoka Afrika Kusini nayo yamo, yale yanapigwa shambani na mengi yanapakwa tena dawa ya kuzuia kuoza baada ya kuvunwa, ndo maana yanafika hapa kama yamechumwa jana.

Kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto ndiyo kaanza kula, hela ya oganiki ipelekeni hapo kwanza, mwili mdogo dawa ile ile kidogo kwake ni nyingi. Mimi na mama watoto wangu tulipokuwa na mdogo tulikubaliana hivyo, nyanya na majani ya mtoto mbali, sisi wakubwa tunakula ya soko la Mabibo tunaosha vizuri.

Sasa vya kuacha. Kisamvu. Katika miaka yangu yote pale dukani hajawahi kuja mtu akaniambia nipe dawa ya kisamvu. Hakuna. Na matembele hivyo hivyo, mlenda, majani ya maboga ya mama aliyepanda pembeni ya mahindi, hizi zinaota zenyewe kwa hasira, mtu apoteze hela kununulia dawa ya nini, na hicho kisamvu ukishakitwanga ukakichemsha masaa unaogopa nini tena (zaidi ya kisamvu chenyewe kisipoiva). Mtu akikuuzia kisamvu oganiki bei mara tatu, ameuza stika. Ndizi unamenya. Nanasi la Kiwangwa unamenya, na kisu kinaingia ndani kweli. Parachichi la Njombe unamenya, papai unamenya, kitunguu unatoa maganda mpaka machozi, mahindi mabichi yamevaa nguo tatu. Tikiti linapigwa dawa sana hilo sikatai, lakini lile ganda nene unalitupa. Viazi vitamu, mihogo, magimbi, nunua popote.

Kuna ile orodha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, dazeni chafu na kumi na tano safi, yaani mazao yenye mabaki mengi ya dawa na yale yenye machache, shemeji yangu yuko Marekani alituma kwenye grupu la familia na ikaleta taharuki mpaka bibi akaacha spinachi. Ile ni ya shirika la mazingira la EWG la huko huko Marekani, wanaitoa kila mwaka kutokana na vipimo vya wizara yao ya kilimo, stroberi na spinachi ziko juu kabisa, parachichi nanasi vitunguu na papai viko upande wa safi. Kwenye mambo ya ganda inakubaliana na mimi. Ila ni orodha ya sokoni kwao, matembele hayamo, nyanya chungu haimo, na wizara hiyo hiyo inayopima inasema kila mwaka zaidi ya asilimia 99 ya sampuli ziko chini ya kiwango kinachoruhusiwa kisheria. Kwahiyo hata hiyo chafu yao ni chafu iliyokaguliwa, ya kwetu hujui hata ikoje. Na EWG wenyewe wanasema heri ule mboga ya kawaida kuliko uache kula mboga, hicho kipande aliyetafsiri alikiruka.

Na wale wa vitamini. Kuna dada mmoja dukani alinishikilia kabisa kwamba mboga za oganiki zina vitamini nyingi kuliko za kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikusanya tafiti zaidi ya mia mbili wakatoa majibu 2012, kwenye vitamini hawakuona tofauti ya maana, walichoona ni kwamba za kilimo hai zina mabaki machache ya dawa. Basi nunua kwa sababu hiyo ya dawa, ukitaka vitamini kula tu mboga yoyote mbichi mbichi iliyovunwa asubuhi, maana karoti oganiki iliyolala kwenye friji la duka wiki nzima imenyauka haina vitamini za ziada za kukupa.

Mchicha nimeuweka peke yake kwasababu hapa Dar mchicha una kesi nyingine kabisa. Mchicha unaiva ndani ya mwezi, wengi hawaupigi dawa sana, tatizo lake ni maji. Mchicha mwingi wa mjini unalimwa mabondeni, Msimbazi, Sinza, kando ya mitaro, na yale maji yanapita viwandani, magereji, na vyoo vya watu. Tangu 1999 kuna utafiti ulichapishwa wa mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakakuta madini mazito kwenye majani, risasi ikiwemo. Sasa hapa oganiki haikusaidii kitu. Mkulima wa bondeni anaweza asipige tone la dawa, anaweka samadi ya kuku tu, akakuapia kwa jina la mama yake kwamba mboga yake ni ya asili, na hasemi uongo. Lakini risasi imepanda kwenye mzizi imeingia kwenye jani, huioshi, huichemshi ikaisha. Kwenye mchicha mimi nauliza unamwagilia maji gani. Kisima? Bomba? Mto? Akianza kuzungukazunguka naondoka, nanunua wa Bagamoyo au Kibaha au napanda kwenye viroba uani, mchicha hauna ujanja wowote hata mtoto wa darasa la tatu anaupanda.

Haya, umeamua unanunua, utajuaje ni kilimo hai kweli? Kwa macho huwezi. Jani lenye matundu sio ushahidi, wapo wanaopiga dawa na bado wanaliwa. Afrika Mashariki tulishapitisha kiwango chetu cha bidhaa za kilimo hai 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai, Tanzania, Kenya na Uganda wote wanaitumia, huku kwetu wanaoisimamia ni TOAM, ile jumuiya ya kilimo hai iliyoanza 2005. Mkulima mdogo hana hela ya kumleta mkaguzi kutoka nje ndiyo maana kuna utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe kwa wenyewe kikundi kwa kikundi, na ukikiuka kikundi chote kinaumia, mimi nauamini huo kuliko stika za dukani kwasababu kijijini siri ya bomba haifichiki, jirani ananusa. Pale Morogoro shirika la kilimo endelevu la SAT wanafundisha wakulima wa milimani kwa njia hiyo. Kwahiyo dukani uliza alama, uliza kikundi gani, kijiji gani. Lile duka lenye nazi oganiki nilimuuliza kijana mhudumu mzigo unatoka wapi akasema "unatoka kwa sapulaya". Nikarudisha kwenye friji.

Alafu msidanganywe kwamba kilimo hai maana yake hakuna kinachopuliziwa. Wanapuliza mwarobaini, pilipili na kitunguu saumu, wanatumia dawa za pareto, na salfa na shaba kwa masharti. Na samadi ikiwa mbichi ina wadudu wake wa tumbo, utashinda chooni wiki nzima na oganiki yako. Kuosha kuko pale pale.

Kuosha kwenyewe watu wanafanya kama wanabatiza, chovya mara moja toa. Maji ya bomba yanayotiririka huku unasugua kwa mkono yanatoa unga mwingi kuliko kuloweka kwenye beseni moja la maji ambayo yameshakuwa mchuzi wa dawa. Ukitaka zaidi tumia bekingi soda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts 2017 waliloweka maepo kwenye maji yenye soda hiyo dakika 12 mpaka 15 na ikaondoa dawa mbili walizopima pale juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu na kuliko maji ya klorini. Lakini nao walikuta mojawapo ya dawa ilikuwa imeshazama ndani ya ganda karibu asilimia 20 na hiyo soda haikuifikia. Kuna dawa zimetengenezwa makusudi zinywewe na mmea ziishi ndani ya utomvu, hizo ndizo nilizouza sana kwa inzi weupe, na hizo usafi wako wa jikoni haujui chochote. Sabuni ya vyombo achaneni nayo, unaongeza tatizo.

Na kabla sijamaliza, huyu tunayemlinda kwa kununua oganiki sio mlaji peke yake, mlaji anapata mabaki, anayepata yenyewe ni yule kijana wa kibarua anayebeba bomba linalovuja mgongoni, kandambili miguuni, kitambaa puani kama ana mafua, halafu anakula mihogo hapo hapo shambani bila kunawa. Hao nimewaona wakija dukani mikono inatetemeka wakiomba maziwa. Mtu akiniambia ananunua kilimo hai kwa ajili ya hao, hata kisamvu cha elfu tatu simcheki.

Ila hatuwezi kukaa kila mtu na akili yake sokoni. Wakenya mishiri yao, yale maharage machanga yanayokwenda Ulaya, 2013 yalibanwa kweli kweli, shehena zinafunguliwa zinapimwa kwasababu ya mabaki ya dawa, na wakulima wakabadilika kwa lazima kwasababu mzigo ukikataliwa ni hasara. Hapa kwetu pamba oganiki ya Meatu, kakao ya Kyela, viungo vya Zanzibar, vinakaguliwa vinapata cheti vinapanda meli. Nyanya ya Mlali inayokwenda Ilala nani anaipima? Tuna mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu (yaani dawa hizi), TPHPA, imeundwa kwa sheria ya 2020 na hii ni kazi yake, ina maabara Arusha. Naomba tu wachukue nyanya, hoho na chainizi kwenye masoko makubwa ya Dar, Mwanza, Arusha na Mbeya wapime, halafu matokeo wayabandike pale pale sokoni kwa jina la wilaya mzigo ulikotoka, kwa Kiswahili, namba ikiwa juu ya kiwango iwe nyekundu. Madalali watakuwa wa kwanza kusoma, na simu zao za jioni zitabadilika.

Na wewe Mhariri ukiweza mtume mwandishi wako pale Mabibo alfajiri malori yanaposhusha, aulize tenga moja tu la nyanya limetoka kijiji gani na mara ya mwisho limepigwa dawa siku gani, atuandikie alichojibiwa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mzee wa Pembejeo,
Tabata, Dar es Salaam